Diski Imejaa: Ununue Nyingine au Ubadili Amri ya Kompaila?

Kijana wa Bariadi anayetengeneza programu akiona laptopu inamwandikia kuwa diski imejaa, wazo la kwanza humpeleka Mwanza. Anapanda basi la alfajiri kupitia Lamadi na Magu, anazunguka madukani kutafuta SSD kubwa zaidi, anarudi usiku. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, bei ya diski na siku nzima ya kazi iliyopotea. Huenda safari hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini kabla hujakata tiketi, fungua folda ya mradi wako uangalie ni kitu gani hasa kimelala humo, maana mara nyingi si msimbo ulioandika wewe. Ni maelezo ambayo kompaila imekuandikia, nawe hujawahi kuyatumia hata mara moja.

Ukikompaili C au C++ kwa GCC na kuongeza `-g`, kompaila haiandiki maagizo ya mashine peke yake. Inaweka pembeni yake kumbukumbu ndefu: agizo lililo kwenye anwani fulani limetokana na mstari wa 214 wa faili fulani, kigezo kinachoitwa `uzito` ni namba ya desimali na kwa sasa kinakaa mahali fulani, fanksheni hii iliitwa na ile. Umbo la kumbukumbu hizo linaitwa DWARF. Toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2017, na GCC ililifanya kuwa la kawaida kuanzia GCC 11, mwaka 2021. Hizo ndizo zinazokuwezesha kusimamisha programu katikati ya safari yake na kuuliza `uzito` una thamani gani. Bila hizo, programu ikianguka unabaki na anwani za tarakimu, na pengine majina ya fanksheni, bila kujua mstari wala thamani ya kigezo chochote.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa madukani hulichanganya. Maelezo haya hayapakiwi kwenye RAM programu inapoendeshwa kawaida. Yanakula diski, na yanakula bando faili linapotumwa, basi. Mtu akikushauri uongeze RAM eti kwa sababu toleo lako la majaribio, lile la `-g`, lina MB 300, anakuuzia kitu kisichohusiana na tatizo lako. Iko nafasi moja hasa ambapo RAM huumia kweli: wakati wa kuunganisha mafaili ya mradi mkubwa kuwa programu moja. Hapo kiunganishi hulazimika kuyashughulikia maelezo yote kwa pamoja, na laptopu ya GB 4 inaweza kuganda kabisa. Na wanaosema `-g` inafanya programu iwe nzito kukimbia, wamekosea mshukiwa. Kinachochelewesha ni `-O0`, yaani kukompaili bila kuboresha msimbo, ambayo watu huiandika pamoja na `-g` kwa mazoea. Unaweza kuandika `-O2 -g` na programu ikakimbia sawa na ile ya `-O2` peke yake.

Ukubwa wake unategemea mradi. Andika programu ndogo kabisa ya C inayotoa salamu kwenye skrini, ikompaili kwenye Linux ya biti 64, utapata faili la karibu KB 16. Ongeza `-g`, linapanda hadi KB 18 hivi. Lipitishe kwenye amri ya `strip`, linashuka hadi KB 14 na ushei. Kwa kiwango hicho hakuna sababu ya kugombana na mtu. Sasa panda juu. Maelekezo ya mradi wa LLVM, wenye kompaila ya Clang, yanamtahadharisha anayetaka kuukompaili wote kwa toleo la majaribio kuwa atahitaji GB 15 hadi 20 za diski, na yanataja sababu waziwazi: maelezo ya kusaka hitilafu, pamoja na maktaba zilezile kurudiwa ndani ya programu nyingi. Wanaotaka kukompaili Chromium huambiwa waweke wazi angalau GB 100. Programu za C++ zenye violezo (templates) vingi ndizo hunenepa zaidi, na si ajabu faili la majaribio kuwa mara tatu, tano au hata kumi ya lile lililosafishwa.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji fundi. Andika `ls -l` uone ukubwa wa faili kwenye diski, kisha andika `size` kwa faili lilelile. Amri ya pili inahesabu msimbo na data zinazopakiwa, haigusi maelezo ya kusaka hitilafu. Kama `ls` inasema MB 40 na `size` inasema MB 6, basi unajua ile tofauti ya MB 34, karibu yote, ni ya nani. `size -A` itakutajia kila sehemu kwa jina lake. Zile zinazoanza na `.debug_` ndizo tunazozizungumzia. Kwa wanaotumia Windows na Visual Studio, mzigo huo hauko ndani ya programu. Umewekwa kwenye faili lake lenyewe la `.pdb`, na folda za Debug na Release hukaa jirani. Kagua folda ya Debug kwanza.

Na kabla hujamlaumu `-g` kwa kila kitu, pima na majirani zake. Andika `du -h -d 1 | sort -h` kwenye folda yako ya nyumbani. Anayetengeneza programu za Android huenda akakuta simu bandia ya kwenye kompyuta imechukua GB kadhaa, hifadhi ya Gradle imechukua nyingine, na miradi mitatu iliyokufa tangu mwaka juzi bado ina folda ya `build` iliyojaa. Anayetumia Rust akute folda ya `target` imevimba, kwa sababu Cargo kwa kawaida hukompaili toleo la majaribio likiwa na maelezo kamili, ya kwako na ya kila maktaba uliyoazima. Usafi wa hapo ni `cargo clean`, bure kabisa, gharama yake ni muda wa kukompaili upya tu. Umeme ukiwa wa kukatika, usiifanye usiku unaotakiwa kukabidhi kazi.

Sasa tulinganishe gharama. Ukinunua nafasi, ipime kwa GB moja, usiipime kwa boksi. Tuseme unauziwa SSD ya GB 256 kwa shilingi 80,000, na kwa bei hiyohiyo kuna diski ya kuzunguka ya TB 1 iliyotumika. Ya kwanza ni kama shilingi 312 kwa GB, ya pili ni shilingi 80. Ongeza shilingi 30,000 za nauli na chakula juu ya ile SSD, GB moja imekufikia Bariadi kwa karibu shilingi 430. Weka bei za duka lako mahali pa hizo zangu. Hesabu ni ileile. Usishangae pia Windows ikikuandikia GB 238 badala ya 256. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024.

Wizi wa kweli uko kwenye flashi. Ile inayoandikwa TB 2 na kuuzwa kwa bei ya maji, mara nyingi ndani yake ina GB chache tu, na chipu yake imefundishwa kudanganya. Utaandika mafaili, utayaona majina yake, siku ya kuyafungua hayafunguki. Ipime siku uliyoinunua kwa H2testw kwenye Windows au `f3` kwenye Linux, kabla risiti haijapotea.

Kubadili amri ya kompaila hakuna bei, ila kuna unachotoa. GCC ina ngazi nne. `-g0` haiandiki kitu. `-g1` inaandika majina ya fanksheni na namba za mistari, inatosha kujua programu ilianguka wapi na ilifikaje hapo, ila haitakuonyesha vigezo vya ndani. `-g` yenyewe ni sawa na `-g2`, ambayo ndiyo ya kawaida. `-g3` inaongeza hadi makro zote ulizotumia. Wengi wanaoandika `-g3` waliinakili kutoka kwenye somo la mtandaoni wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Kama husaki hitilafu ndani ya makro, unalipia nafasi bure. `-g1` kwa upande wake inadharauliwa kuliko inavyostahili. Inaacha maelezo ya aina za data na vigezo vya ndani, vitu vyenye uzito mkubwa hasa kwenye C++, na inabaki na kile unachokihitaji mteja akipiga simu. Clang ina `-gline-tables-only` kwa kazi hiyo, na kwenye Rust unaandika `debug = "line-tables-only"` ndani ya Cargo.toml.

Kuna na kubana. Ukiongeza `-gz`, sehemu za `.debug_` hubanwa ndani ya faili lenyewe, na mara nyingi hushuka hadi karibu nusu bila kupoteza neno. Kisakahitilafu (debugger) kitachelewa kidogo kufungua, si cha kulalamikia. Hii ningeiwasha leo kwa mtu yeyote mwenye SSD ya GB 128. Kuhusu `-gsplit-dwarf`, inayoyahamishia maelezo kwenye mafaili ya `.dwo`, ielewe vizuri: inaharakisha kuunganisha na kuipa nafuu RAM, lakini kwa diski mzigo umehamishwa chumba, haujatoka nyumbani.

Chaguo ninaloliona bora kuliko yote ni kuchambua. Mkulima wa Simiyu hahitaji kuelezwa neno hili. Pamba inayopimwa kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ina nyuzi na mbegu pamoja, na mbegu ndizo nyingi kwa uzito; kiwanda kikishachambua, nyuzi zinafungwa marobota na kwenda kwa mnunuzi, mbegu zinabaki kukamuliwa mafuta, kutengenezwa mashudu na kupandwa tena. Hakuna mwenye kiwanda anayechoma mbegu ili ghala lipungue, na hakuna anayemsafirishia mwenye kiwanda cha nguo mbegu ndani ya robota. Programu nayo ikompaili kwa `-O2 -g`, kisha ichambue kwa amri tatu. Tuseme inaitwa `mizani`:

`objcopy --only-keep-debug mizani mizani.debug`
`strip --strip-debug mizani`
`objcopy --add-gnu-debuglink=mizani.debug mizani`

Ya kwanza inatoa maelezo na kuyaweka kwenye faili la pembeni. Ya pili inayaondoa kwenye programu. Ya tatu inaweka kidokezo ili kisakahitilafu kijue pa kuyatafuta. Mteja anapata `mizani` nyembamba, wewe unabaki na `mizani.debug`, na hilo halina sababu ya kukaa kwenye SSD ya bei. Lipeleke kwenye ile diski ya kuzunguka ya shilingi 80 kwa GB, kwenye folda yenye namba ya toleo. Debian na Fedora hufanya hivyohivyo: programu unayoshusha imeshachambuliwa, na maelezo yake yako kwenye vifurushi vya pembeni kwa anayeyataka tu. Tangu 2019 kuna hata huduma ya debuginfod inayoyaleta moja moja pale yanapohitajika, ingawa kwa bando la kupima si ya kuiacha wazi siku nzima.

Tahadhari ya chaguo hili ni moja, na ni kali. Faili la maelezo linafaa kwa toleo lake tu. Ukirekebisha mstari mmoja na kukompaili upya, maelezo ya jana hayafanyi kazi kwa programu ya leo. Kwa hiyo kila toleo unalomkabidhi mteja liwe na maelezo yake, na usiyafute hadi toleo hilo liishe kutumika mitaani.

Mwenye kutumia Go ana bahati ya peke yake. Programu ndogo ya Go huanzia karibu MB 2; ukikompaili kwa `-ldflags="-s -w"` inapungua kwa robo au zaidi, na bado ikianguka itakutajia fanksheni na namba ya mstari, kwa sababu Go ina jedwali lake lenyewe la mistari lisiloondolewa na amri hiyo. Hapo kusafisha ni karibu bure.

Tumezungumzia diski ya mtengenezaji. Gharama kubwa zaidi iko kwenye simu ya mtumiaji, na yeye hajaulizwa. Chukulia umetengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za mizani msimu wa ununuzi wa pamba, ikatumiwa na watu 300 kuanzia Dutwa hadi Mwanhuzi. Toleo la majaribio lina MB 60, lile lililosafishwa lina MB 20. Tofauti ya MB 40 mara watu 300 ni MB 12,000. Kwa shilingi 2 kwa MB, hizo ni shilingi 24,000 kila unapotoa toleo jipya. Ukitoa matoleo sita msimu mmoja, wakulima na makatibu wa AMCOS wamelipa shilingi 144,000 kubeba maelezo ambayo simu zao haziwezi hata kuyasoma. Wewe ulikuwa unasitasita kununua diski ya 80,000. Bado hatujataja simu ya GB 32 ambayo mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa, na picha na video za makundi zikamaliza iliyobaki. Katibu hatakwambia kuna tatizo la kompaila. Atakwambia, "Mwanangu, hii ya kwako imekataa kuingia," na ataendelea na daftari lake.

Kwa Android kosa hili ni jepesi sana kufanyika, maana APK huku hutumwa kwa WhatsApp kama picha. Play Store tangu Agosti 2021 inataka programu mpya ziletwe kama kifurushi ambacho kila simu inapewa sehemu yake tu. APK ya kutumiwa mkononi haina mchujo huo. Ukitumia Flutter, toleo la majaribio linabeba mashine nzima ya kuendeshea msimbo unaobadilika ukiwa unaandika, kwa hiyo ni zito na linakwenda pole. Tengeneza la mteja kwa `flutter build apk --split-per-abi`. Wenye Flutter walipima Machi 2021 programu ndogo kabisa iliyotengenezwa kwa njia hiyo, wakapata karibu MB 4.3 kwa simu za ARM za biti 32 na MB 4.8 kwa za biti 64. Ongeza `--split-debug-info` ukiitajia folda, maelezo yatabaki kwako. Wa Kotlin na Java wawashe R8 na walitunze faili la `mapping.txt` la kila toleo, vinginevyo ripoti ya kuanguka itakuja na majina ya herufi moja moja yasiyosomeka.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wa kompyuta huiona ya kizamani, nayo haichukui nafasi yoyote kwenye simu: USSD. M-Pesa, iliyoanza nchini 2008, huendeshwa kwa `*150*00#`, huduma za serikali zina `*152*00#`, na zote zinafanya kazi kwenye kiswaswadu. Kama programu yako kazi yake ni kuuliza namba tatu na kurudisha jibu moja, uliza kwanza gharama ya namba ya USSD kabla hujaandika mstari wa Kotlin. Kuipata kuna taratibu na malipo kwa mitandao, kwa hiyo haifai kwa jaribio la mtu mmoja, ila kwa chama cha ushirika chenye wanachama wengi hesabu inaweza kukubali.

Kubana matumizi kupita kiasi nako ni hasara. Yupo atakayesoma haya akaandika `-g0` kila mahali na kufuta kila `.debug` anayoiona. Msimu utaanza, programu itaanguka kituo fulani huko Meatu, na kitakachomfikia hakitamtajia mstari wenye kosa. Atapanda gari kupitia Maswa kwenda kuliona tatizo kwa macho yake. Nauli ya safari hiyo moja ingenunua flashi halali ya kutunzia maelezo ya matoleo ya miaka kadhaa.

Uamuzi wangu, basi. Mwenye SSD ya GB 128 asinunue kitu mwezi huu: afute folda za `build` na `target` za miradi iliyolala, awashe `-gz`, ashuke hadi `-g1` kwa maktaba za kuazima na kubaki na `-g` kwa msimbo wake mwenyewe. Mwenye GB 256 na miradi miwili mitatu ya kawaida ana nafasi ya kutosha. Akichambua matoleo ya wateja, fedha yake iende kwenye diski ya kuzunguka ya akiba na si SSD nyingine. Anayetaka kuchezea LLVM au Chromium, huyo aende tu Mwanza, tena achukue kubwa na aulizie na RAM. Na wewe unayetaka kutuma programu kwa WhatsApp jioni hii, soma kwanza jina la faili: kama limeandikwa `app-debug.apk`, usilitume.